Maneno Yanayomtangaza Mshindi: Uhakiki wa Lugha ya Sheria za Uchaguzi

Utangulizi

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii tunaifundisha kila mwaka tukilenga adabu ya mazungumzo, lakini ina mafunzo pia kwa anayeandika sheria. Mtu akijikwaa ulimi barazani huomba radhi na mazungumzo yakaendelea. Mtunga sheria ya uchaguzi akijikwaa ulimi, kosa lake hukaa kimya kitabuni kwa miaka mingi, mpaka siku ambapo kura za wagombea zinakaribiana. Siku hiyo neno moja linaweza kuwa na nguvu kuliko kura elfu hamsini.

Makala haya yanakusudia kuhakiki lugha ya sheria za uchaguzi katika nchi chache za eneo letu: Kenya, Uganda, Malawi, Kongo na Tanzania. Ikumbukwe kwamba hatuhakiki wagombea, vyama wala tume. Tunahakiki sentensi, kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia: neno lipi limechaguliwa, lipi limeachwa, na uteuzi huo umeleta nini. Tutajadili mambo manne: maana ya "kura iliyopigwa", jina la "kura iliyoharibika", maana ya "wengi", na viunganishi "na" na "au". Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kuandika sheria ya uchaguzi isiyo na utata, ila matumizi yaliyozoeleka hayazitumii nyenzo hizo. Tunadai pia kwamba idara kama yetu zina wajibu wa kusema hivyo kabla sheria hazijaandikwa, si baada ya kesi kufunguliwa.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili linatuhusu nini sisi wa Uganda, ambao sheria zetu za uchaguzi zimeandikwa kwa Kiingereza? Linatuhusu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili nchini, itumike kwa namna ambayo Bunge litaamua. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa kufuata mwelekeo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Majirani zetu wa Tanzania walibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mwaka 2024 wakatunga kwa Kiswahili sheria mpya ya uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani. Kazi ya kuandika au kutafsiri sheria za namna hii itatufikia sisi au itawafikia wanafunzi wetu. Heri itukute tukiwa tumejiandaa.

Kura iliyopigwa ni ipi?

Neno "kura" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kitu kinachorushwa au kuchotwa ili bahati iamue. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili analikuta neno hilohilo pale askari wanapogawana mavazi ya Yesu. Watoto nao hupiga kura kuamua timu ipi ianze. Katika kura ya namna hiyo hakuna kura batili. Kijiti kilichochotwa kimechotwa, na hakuna anayeuliza mchotaji alikusudia nini. Uchaguzi wa kisiasa ulipokuja, Kiswahili kiliazima neno hili na kulipa kazi mpya, lakini kitenzi kikabaki kilekile: kura inapigwa. Aliyetumbukiza karatasi sandukuni amekwisha kupiga kura, iwe ameweka alama vizuri au vibaya.

Hapo ndipo utata wa kwanza unapoanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 138, inasema kwamba mgombea urais atatangazwa mshindi akipata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu ya kaunti zote. Neno "halali" halimo. Katiba iliyotangulia, ilipozungumzia asilimia 25 katika mikoa, ilitaja kura halali. Waandishi wa katiba mpya waliliacha neno hilo. Je, waliliacha kwa makusudi, au waliliona ni la ziada?

Swali hilo lilikuja kuulizwa mbele ya majaji. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, Uhuru Kenyatta alipata kura 6,173,433. Karatasi zote zilizohesabiwa, pamoja na 108,975 zilizokataliwa, zilikuwa 12,330,028. Tume ilipiga hesabu kwa kutumia jumla hiyo na kupata asilimia 50.07. Kwa hesabu hiyo mshindi alivuka nusu kwa kura 8,419 tu. Zikiondolewa zile zilizokataliwa, kura zinabaki 12,221,053, asilimia inapanda hadi 50.5, na mshindi anakuwa amevuka nusu kwa kura zipatazo 62,900. Mojawapo ya maombi matatu yaliyofikishwa katika Mahakama ya Juu ilihusu jambo hili hasa: kura iliyokataliwa ni "kura iliyopigwa" au si kura?

Mahakama iliamua kwamba isihesabiwe. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kura batili haimfai mgombea yeyote, na kanuni za uchaguzi zenyewe zinasema kwamba ni batili na haitahesabiwa. Kitu kisichohesabiwa hakiwezi kuingia katika hesabu ya asilimia. Msimamo huo ulidumishwa katika kesi ya mwaka 2017 na tena mwaka 2022. Katika uchaguzi wa 2022 William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49 ya kura halali. Kama kura zilizokataliwa, ambazo zilizidi 113,000, zingejumlishwa, asilimia yake ingekuwa 50.09.

Ni kweli kwamba katika chaguzi zote mbili mshindi angebaki yuleyule kwa hesabu yoyote. Lakini tuitazame hesabu ya 2013 kwa makini zaidi. Mgombea ambaye angepata kura 6,120,000 angekuwa Rais kwa tafsiri ya Mahakama, na angerudi kwa wananchi kuomba kura katika duru ya pili kwa tafsiri ya Tume. Nafasi iliyopo kati ya tafsiri hizo mbili ni nusu ya kura zilizokataliwa, yaani takribani kura 54,500. Nafasi hiyo yote imeachwa wazi na kukosekana kwa kivumishi kimoja.

Sasa tuilinganishe na Katiba yetu ya Uganda. Ibara ya 103 inataka mgombea apate zaidi ya asilimia 50 ya kura halali zilizopigwa. Neno "halali" limo, na kesi ya namna ile haina pa kushika. Hapa sentensi ya Uganda imeishinda ya Kenya, na ushindi wenyewe umetokana na neno moja. Kwa mhakiki wa lugha hili ni somo zuri la kufundishia darasani: katika ushairi tunasifu neno lililoachwa ili msomaji alijaze mwenyewe, lakini katika sheria neno lililoachwa hujazwa na mwenye nguvu, au na jaji.

Ni nani aliyeiharibu?

Tuje kwenye jina. Katika redio, magazeti na hata kauli za maofisa, kura isiyokubaliwa huitwa "kura iliyoharibika". Istilahi hii imezoeleka kiasi kwamba hatuisikii tena. Tunashauri isikilizwe upya, kwa kutumia zana ambayo kila mwalimu wa Kiswahili anayo: mnyambuliko wa vitenzi.

Kutokana na "haribu" tunapata "haribika" na "haribiwa". Kauli ya kutendwa, "haribiwa", inatuambia kwamba yupo mtendaji, hata kama hatajwi. Kauli ya kutendeka, "haribika", inamwondoa mtendaji kabisa. Gari limeharibika. Chakula kimeharibika. Mimba imeharibika. Hakuna anayeulizwa, mambo yametokea tu. Tukisema kura elfu mia moja "zimeharibika", tunazungumza kana kwamba zilikuwa maziwa yaliyoachwa juani.

Ukweli wa kituo cha kuhesabia kura ni tofauti. Ofisa ameshika karatasi, ameitazama, ameamua. Labda alama ilikuwa kwa wagombea wawili. Labda karatasi haikuwa na mhuri unaotakiwa. Labda mpiga kura aliandika jina lake akajitambulisha, na hivyo kuvunja siri ya kura. Labda alama iligusa mstari na ofisa akasema nia haionekani, huku wakala wa chama akisema inaonekana. Katika kila hali hizi yupo mtu aliyekataa, na kukataa kwake kunaweza kupingwa papo hapo. Kitenzi kinachosema ukweli huo ni "kataliwa". Kura iliyokataliwa inaleta maswali yanayofaa: imekataliwa na nani, kwa sababu gani, na mbele ya nani? Kura iliyoharibika haileti swali lolote, bali inaleta huruma au kejeli kwa mpiga kura "asiyejua".

Kuna kosa jingine ndani ya istilahi hiyo. Kanuni za uchaguzi za Kenya za mwaka 2012 zinatofautisha vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi ambayo mpiga kura ameikosea kwa bahati mbaya kabla ya kuitumbukiza. Huirudisha kwa ofisa, ikafutwa, naye akapewa nyingine. Cha pili ni karatasi iliyokutwa sandukuni wakati wa kuhesabu na kukataliwa. Ya kwanza haikuwahi kuwa kura. Ya pili ni kura iliyopigwa na ikakataliwa. Kiswahili cha habari huziita zote mbili "kura zilizoharibika". Msikilizaji anayetaka kujumlisha hesabu mwenyewe hawezi, kwa sababu hajui ni kapu lipi linalotajwa.

Wapo watakaosema kwamba lugha ni ya watu, na watu wamekwisha kuchagua "kuharibika"; wataalamu wasijifanye polisi wa maneno. Hoja hii ina uzito, nasi hatutaki kumsahihisha mwananchi anayezungumza sokoni. Tunachosema ni kwamba fomu ya matokeo si soko. Fomu hiyo husainiwa na mawakala, hubandikwa mlangoni na huweza kuwa ushahidi mahakamani. Kwa matumizi hayo tunapendekeza istilahi nne zisizogongana: karatasi zilizorudishwa, kwa zile zilizokosewa kabla ya kutumbukizwa, kura zilizotumbukizwa, kwa zote zilizokutwa sandukuni, kura zilizokataliwa, na kura halali. Kura zilizotumbukizwa ukitoa zilizokataliwa unapata kura halali. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuihakiki fomu ya namna hiyo, na huo ndio mtihani tunaoutaka kwa lugha ya uchaguzi.

Wengi ni nani?

Waswahili husema "wengi wape". Msemo huu hutajwa sana wakati wa uchaguzi, lakini hausemi wengi ni wangapi. Ni wengi kuliko kila kundi jingine, au ni wengi kuliko wengine wote kwa pamoja? Watu mia wakigawanyika arobaini, thelathini na tano na ishirini na tano, wale arobaini ni wengi kwa maana ya kwanza na ni wachache kwa maana ya pili.

Malawi iliishi na utata huu kwa zaidi ya miaka ishirini. Katiba yake, katika kifungu cha 80, ilisema kwamba Rais atachaguliwa na walio wengi miongoni mwa wapiga kura. Baada ya uchaguzi wa 1999, Gwanda Chakuamba na wenzake walidai mahakamani kwamba mshindi lazima aungwe mkono na zaidi ya nusu. Mahakama ya Juu ya Rufaa ilikataa: anayewazidi wenzake kwa kura ametosha. Kwa tafsiri hiyo Malawi ilipata marais walioingia madarakani kwa theluthi moja na kidogo tu ya kura. Mwaka 2019 Peter Mutharika alitangazwa kwa asilimia 38.57. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano wa Mahakama Kuu, wakiketi kama mahakama ya katiba, waliubatilisha uchaguzi huo kwa sababu ya kasoro nyingi, zikiwamo fomu za matokeo zilizofutwa kwa wino mweupe. Pamoja na hayo walisema kwamba "walio wengi" maana yake ni zaidi ya nusu. Mahakama ya Juu ya Rufaa iliwaunga mkono Mei 2020, na katika uchaguzi wa marudio wa Juni 23 Lazarus Chakwera akashinda kwa zaidi ya asilimia 58.

Maneno ya katiba hayakubadilika hata herufi moja kati ya tafsiri ya kwanza na ya pili. Yaliyobadilika ni majaji na nyakati. Sentensi inayoweza kubeba maana mbili zinazopingana kwa miaka yote hiyo ni sentensi dhaifu, hata kama tunaifurahia tafsiri yake ya mwisho.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inatupa mfano wa upande wa pili. Katiba ya 2006 ilitaka wingi wa zaidi ya nusu, na duru ya pili ikibidi. Januari 2011 ilibadilishwa, ikasema waziwazi kwamba wingi wa kawaida unatosha katika duru moja. Novemba mwaka huohuo Joseph Kabila alitangazwa kwa chini ya nusu ya kura. Katika uchaguzi wa Desemba 2018, ambao matokeo yake yalibishaniwa sana, Félix Tshisekedi alitangazwa kwa asilimia 38.57, tarakimu zilezile za Mutharika. Unaweza kuyachukia mabadiliko ya 2011, na Wakongo wengi waliyapinga, lakini huwezi kusema hukuyaelewa. Waliotaka kuyapinga walijua wanapinga nini.

Katika Kiswahili tuna maneno ya kutosha kutenga maana hizi. "Kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote" ni jambo moja. "Zaidi ya nusu ya kura halali" ni jambo jingine. Katiba ya Tanzania, ambayo iliandikwa kwa Kiswahili, ilichagua njia ya kwanza baada ya marekebisho ya mwaka 2000, na ibara yake ya 41 inasema hivyo bila kumbabaisha msomaji. Tahadhari moja tu: ule usemi wa "asilimia hamsini na moja zaidi" uachwe. Wasemaji wake humaanisha nusu na kura moja, ila wasikilizaji wengi huelewa asilimia 51. Katika uchaguzi wa kura milioni kumi na mbili, tofauti ya maana hizo ni kura laki moja na elfu ishirini. "Zaidi ya nusu" ni fupi, ni Kiswahili, na haina mtego.

Kati ya "na" na "au"

Sehemu hii inahitaji utulivu, kwa sababu viunganishi ni maneno madogo ambayo hata sisi walimu huyapita haraka.

Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi ya Kenya, kama kilivyosomeka mwaka 2017, kilisema kwa ufupi hivi: uchaguzi hautabatilishwa kwa sababu ya kutofuatwa kwa sheria ikiwa itaonekana kwamba uliendeshwa kwa kufuata misingi ya Katiba na ya sheria, au kwamba kasoro hizo hazikuathiri matokeo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa Rais wa Agosti 8. Katika kueleza sababu, majaji walio wengi walisema kwamba sehemu mbili za kifungu zimetenganishwa na "au", kwa hiyo mlalamikaji akithibitisha mojawapo inatosha. Si lazima aonyeshe kwamba matokeo yaliathirika.

Tuichukue sentensi hiyo na kuipeleka darasani. Mkuu wa chuo akitangaza: "Mwanafunzi hatafukuzwa ikiwa amelipa karo au ameleta barua ya mdhamini," sote tunaelewa kwamba aliyelipa bila barua yuko salama, na aliyeleta barua bila kulipa yuko salama pia. Anayefukuzwa ni yule aliyekosa vyote viwili. Kwa mantiki ya sentensi peke yake, basi, uchaguzi wa Kenya ungebatilishwa ikiwa tu misingi imevunjwa na matokeo yameathirika. "Au" iliyo ndani ya sentensi ya kukanusha hugeuka kuwa "na" pale sentensi inapogeuzwa kuwa ya kukubali. Tuwatendee haki majaji: hawakutegemea kiunganishi peke yake. Waliisoma sheria chini ya Katiba, ambayo inataka uchaguzi ulio huru, wa haki, unaohakikika na wenye uwazi, na kwa msingi huo uamuzi wao unaweza kusimama. Lakini ile hoja ya "au" yenyewe, tukiipima kama wanasarufi, inayumba.

Kilichofuata kinashangaza zaidi. Baadaye mwaka huohuo Bunge la Kenya lilitaka kuufanya ubatilishaji uwe mgumu, likaondoa "au" na kuweka "na". Rudi kwenye tangazo la mkuu wa chuo, uweke "na" mahali pa "au": mwanafunzi hatafukuzwa ikiwa amelipa karo na ameleta barua. Sasa anayekosa kimoja tu yuko hatarini. Kwa maneno mengine, kwa mantiki ya sentensi, Bunge liliurahisisha ubatilishaji lilipodhani linauzuia. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyatangaza mabadiliko hayo kuwa kinyume cha Katiba.

Sheria yetu ya uchaguzi wa Rais imetumia muundo wa kukubali: uchaguzi utabatilishwa ikiwa mahakama itaridhika kwamba haukuendeshwa kwa kufuata misingi ya sheria, na kwamba kasoro hizo ziliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Msomaji makini ataona kwamba "na" ya Uganda na "au" ya Kenya, kila moja ikiwa mahali pake, zinakaribia kusema jambo moja. Tofauti kubwa ni lile fungu la mwisho, "kwa kiasi kikubwa". Kizza Besigye alipofungua kesi baada ya uchaguzi wa 2001, na tena baada ya ule wa 2006, Mahakama ya Juu ilikubali mara zote mbili kwamba sheria haikufuatwa. Mara zote mbili ilikataa kuubatilisha uchaguzi kwa sababu haikuridhika kwamba matokeo yaliathirika kwa kiasi hicho. Mwaka 2001 majaji waligawanyika watatu kwa wawili, na mwaka 2006 wanne kwa watatu. Majaji wenye elimu ileile, wakisoma sentensi ileile na ushahidi uleule, walitofautiana juu ya ukubwa wa "kikubwa". Kivumishi kisicho na kipimo huwa hivyo. Tunapowaambia wanafunzi kwamba "-kubwa" ni kivumishi cha sifa kinachotegemea mtazamo wa msemaji, tuwaambie pia kwamba kivumishi hicho kimewahi kuamua nani akae Ikulu.

Uwazi si haki

Hadi hapa tumesifu uwazi. Hata hivyo, uhakiki wetu ungekuwa nusu kama tungeishia hapo. Ibara ileile ya 41 ya Katiba ya Tanzania ambayo tumeisifu inasema pia kwamba mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Kiswahili chake ni safi. Hakina utata hata kidogo. Lakini mlango uliofungwa vizuri bado ni mlango uliofungwa. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika kesi ya Jebra Kambole kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Basi tusidanganyike kwamba mwanaisimu akikaa na mtunga sheria, haki itapatikana yenyewe. Lugha iliyo wazi hutupa jambo moja tu, nalo si dogo: wananchi hujua wanatawaliwa kwa maneno gani, na hivyo huweza kuyakubali au kuyapinga. Sheria yenye utata huwanyima hata nafasi hiyo. Wakongo walijua wanapinga nini mwaka 2011. Mtanzania aliyekwenda Arusha alijua ni sentensi ipi anayoishitaki. Wamalawi, kwa upande wao, walipiga kura kwa miaka mingi bila kujua kwa hakika mshindi wao anatakiwa kufikisha nini.

Hitimisho

Katika makala haya tumeonyesha kwamba kivumishi kilichoachwa, kauli ya kitenzi iliyochaguliwa bila kufikiri, neno "wengi" lisilo na kipimo na kiunganishi kilichowekwa pasipo pake vimekuwa na matokeo halisi katika chaguzi za majirani zetu na zetu wenyewe. Tunatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, somo la tafsiri liwe na zoezi la kudumu la kutafsiri vifungu vya sheria za uchaguzi, na kila tafsiri ijaribiwe kwa mfano wa tarakimu. Kama wanafunzi wawili wakipewa hesabu moja wanatangaza washindi wawili, tafsiri irudiwe. Pili, katika fomu na taarifa rasmi istilahi "kura zilizokataliwa" ichukue nafasi ya "kura zilizoharibika". Tatu, itakapofika siku ya kuandaa sheria zetu kwa Kiswahili, walimu wa Kiswahili wasisubiri kuitwa kusahihisha tahajia mwishoni. Waombe kuwapo tangu rasimu ya kwanza. Ibara ya 259 ya Katiba ya Kenya inasema kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakipingana, lile la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Kifungu cha namna hiyo hukibakiza Kiswahili kuwa kivuli cha matini nyingine, na huwapa watafsiri ruhusa ya kulegea. Tungependa Kiswahili chetu kiandikwe kwa uangalifu kiasi kwamba mtunga sheria asione haja ya kuweka kinga kama hiyo.

Tunawaalika walimu na wanafunzi, hasa wale wanaozijua sheria za Rwanda na Burundi kwa Kinyarwanda, Kirundi na Kifaransa, watuandikie katika toleo lijalo. Tungependa kujua lugha hizo zimeitaje kura iliyokataliwa, na zimemtaja au zimemficha aliyeikataa.